Maumivu ya mgongo yatibiwe karibu na nyumbani: barua ya wazi kutoka Malaba

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Afya,
Kwa Mheshimiwa Waziri wa Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii,
Kwa Waheshimiwa wajumbe wa Kamati ya Afya ya Bunge,
Kampala.

Waheshimiwa,

Nawasalimu kwa heshima zote. Mimi ni dereva wa trela, kwangu ni Malaba, wilaya ya Tororo. Sehemu kubwa ya maisha yangu imepita kwenye usukani kati ya Mombasa na Kampala, na mara nyingine kupitia Karuma hadi Elegu kuelekea Juba. Naandika kwa Kiswahili kwa kuwa ndicho tunachofanyia kazi barabarani na mpakani, kuanzia mlinzi wa yadi hadi mama wa chai, na Baraza la Mawaziri lilikwisha kukubali mwaka 2022 kiwe lugha rasmi ya nchi.

Ninayotaka kuyasema ni kuhusu maumivu ya kiuno na neva, yale yanayomkaa mtu kwa miezi na miaka. Sitawazungusha. Naomba mgonjwa wa mgongo, awe Malaba, Butaleja, Kumi au Adjumani, amkute kwenye kituo cha afya cha ngazi ya nne cha eneo lake mtu aliyesomea kumpima kwa mikono, kumweleza kinachomsumbua na kumfundisha mazoezi, bure kama huduma nyingine za serikali, kabla hajaanza kuuziwa sindano, picha na upasuaji mjini. Mengine yote ninayoyaandika hapa yanaelekea huko.

Niruhusuni kwanza niueleze ugonjwa wenyewe, maana hauonekani kwa macho. Hakuna kidonda wala uvimbe wala homa. Maumivu yangu yanaanzia chini ya kiuno upande wa kulia, yanapita takoni, yanateremka nyuma ya paja na pembeni ya kigimbi hadi kwenye kidole gumba cha mguu. Kiunoni ni uchungu mzito unaovuta. Mguuni ni kama waya wa umeme ulioachwa wazi: nikikohoa unapiga, nikipiga chafya unapiga, gari likitumbukia kwenye shimo unapiga. Baadaye nyayo inakufa ganzi na kiatu kinakuwa hakijulikani kama kimevaliwa au la. Usiku sina upande wa kulalia, na mke wangu anaamka kila ninapogeuka.

Nikifika kwenye foleni ya malori sishuki kama zamani. Nashika chuma cha mlango kwa mikono miwili, natanguliza mguu wa kushoto, kisha nasimama pale chini nimeegemea tairi mpaka mguu wa kulia ukubali kubeba uzito. Taniboi wangu amekwisha kuzoea. Anashuka upande wake, anazunguka mbele ya gari, anasimama karibu yangu bila kusema neno.

Waheshimiwa, huo mguu wa kulia ndio wa breki. Trela iliyojaa shehena inaweza kupita tani 40. Mnapofikiri kwamba mgongo wa dereva ni shida ya dereva na mkewe, fikirini pia watoto wa shule wanaovuka barabara pale Bugiri na Iganga.

Madaktari wanaeleza hivi. Kati ya pingili na pingili za uti wa mgongo kuna diski, ganda gumu nje na ute mzito ndani. Kwa kukaa sana, kwa mtikisiko, kwa kubeba vizito, au kwa umri tu, ganda hilo linachoka na wakati mwingine linapasuka, na kilichomo ndani kinatoka na kuigusa neva inayopita hapo. Kwa wengi wetu hutokea kwenye pingili mbili za mwisho za kiuno, kwa sababu ndizo zinazobeba mzigo wote wa mwili. Neva ikibanwa na kuvimba, maumivu hayabaki kiunoni, yanaifuata njia yake hadi mguuni. Ndiyo siatika.

Jambo ambalo wagonjwa wengi hawaambiwi ni kwamba kwa walio wengi siatika mpya hupungua yenyewe ndani ya wiki 6 hadi 12. Mwili unakiyeyusha kile kilichotoka. Mtu anayeambiwa hivyo mapema, akaendelea kutembea taratibu badala ya kulala kitandani mwezi mzima, ana nafasi nzuri. Asiyeambiwa anaogopa, anaacha kujongea, misuli inalegea, kazi inapotea, na maumivu yanajenga nyumba mwilini.

Wala si madereva peke yetu. Busia na Malaba wapo vijana wanaobeba magunia ya mahindi ya kilo 100 mgongoni kutoka gari hadi gari, kuanzia alfajiri. Mashamba ya mpunga ya Doho kule Butaleja, kina mama wanainama kwenye maji kutwa wakipandikiza miche. Busoga kuna wakata miwa. Kila kijiji cha nchi hii kina mtu anayebeba jerikeni ya lita 20 kichwani, na jembe letu la mkono lina mpini mfupi unaomlaza mkulima kiuno. Shirika la Afya Duniani lilihesabu kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba kufika 2050 watakuwa milioni 843. Hakuna ugonjwa mwingine unaowazuia watu wengi zaidi kufanya kazi na shughuli zao. Lakini kwa sababu hauui, hauna kampeni, hauna siku ya chanjo, na redio haiutangazi isipokuwa pale anapoalikwa muuza dawa.

Ukiugua mgongo huku kwetu, mlango wa kwanza ni duka la dawa. Liko karibu, usiku liko wazi, foleni hakuna. Mhudumu haulizi mengi. “Mgongo? Geuka.” Anavunja ampuli ya diklofenaki, anaivuta kwenye bomba la sindano, anakuchoma takoni, unalipa, unaondoka. Saa chache zinazofuata unapata nafuu ya kweli, na dereva ambaye mzigo wake unasubiriwa anazihitaji saa hizo. Simlaumu mhudumu, ametoa alicho nacho. Ila diklofenaki ya mfululizo inatoboa tumbo na kuziumiza figo, hasa kwa mwenye presha, na presha tunayo wengi pasipo kupima. Tena neva ya siatiki yenyewe inapita ndani ya tako hilohilo, na sindano ikikosea mahali inaijeruhi. Uganda tunalijua hili vizuri. Kule Teso wapo watoto waliochomwa kwinini takoni tena na tena wakabaki na misuli iliyokakamaa, wasiweze hata kuchuchumaa, na hospitali ya Kumi imekuwa ikiwafanyia upasuaji. Nchi yenye funzo hilo haifai kuacha sindano ya takoni iwe ndiyo tiba ya kwanza ya mgongo.

Mlango wa pili ni kliniki za mjini. Pale unaandikiwa pregabalini, dawa ya neva yenye bei. Inawafaa wenye aina fulani za maumivu ya neva, kama yale ya kisukari. Kwa siatika habari ni nyingine: mwaka 2017 watafiti wa Australia walichapisha matokeo ya kuwalinganisha wagonjwa waliopewa pregabalini na waliopewa kidonge kisicho na dawa ndani. Maumivu ya mguu hayakutofautiana, ila waliomeza dawa walipata kizunguzungu zaidi. Kizunguzungu, kwa mtu anayekwenda kushika usukani wa trela! Kuna madereva ninaowafahamu wanaoinunua kila mwezi na hakuna aliyewahi kuwauliza wanafanya kazi gani.

Halafu kuna mikanda ya kiuno inayouzwa hadi kwenye madirisha ya mabasi. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa Desemba 2023, ambao ni wa kwanza wao kuhusu maumivu sugu ya kiuno, unashauri mikanda hiyo isitumike kama tiba ya kawaida, wala kuvutwa kwa mashine, wala dawa za jamii ya afyuni kama mofini. Unachopendekeza kinashangaza kwa urahisi wake: mgonjwa aelimishwe, apewe programu ya mazoezi, apate tiba za mikono kama kuchuliwa na mtaalamu, asaidiwe pia kwa upande wa mawazo na hofu, na vidonge vya kupunguza uvimbe vitumike pale vinapohitajika. Hakuna hata kimoja hapo kinachohitaji ndege au jenereta kubwa.

Wapo pia wanaokwenda kupigwa chuku kwa mashehe, na wanaokunywa mizizi ya wazee. Siwadharau. Mtu ambaye mfumo wa afya haujampa hata dakika kumi za kusikilizwa atakwenda kwa anayemsikiliza. Shehe wa hijama anamuuliza jina, anamuuliza linapouma, anamshika mgongo. Ni zaidi ya tulichokipata kwenye vituo vingi.

Mlango wa tatu ni picha. Serikali imepeleka mashine za CT kwenye hospitali za rufaa za mikoa miaka hii ya karibuni, na tunashukuru. MRI, ambayo ndiyo inayoonyesha neva vizuri, bado nyingi ziko Kampala, na kwenye vituo vya binafsi inagharimu mamia ya maelfu ya shilingi. Kutoka Malaba ni zaidi ya kilomita 200 za kukaa kwenye kiti, kwa mtu ambaye kukaa ndiko kunakomuua. Wapo wenzangu waliotimiza miaka 45 wakachukua ile asilimia 20 ya akiba yao ya uzeeni ya NSSF, iliyoruhusiwa na sheria ya 2022, ikaishia kwenye picha na vidonge.

Na picha yenyewe inahitaji mtu wa kuisoma pamoja na mwenye mgongo. Ukiwapiga MRI watu wa miaka 50 wasio na maumivu yoyote, wengi wao utawakuta na diski zilizochakaa au zilizotokeza. Karatasi inayosema diski imetokeza haijasema kwamba ndiyo inayouma, wala kwamba uende ukapasuliwe. Lakini mgonjwa akiyasoma maneno hayo peke yake kwenye benchi la hospitali, anatoka pale akijiona amevunjika. Nimewaona wanaume wazima wenye karatasi hizo kwenye bahasha ya kaki, wanaitoa kila wanapoketi na mtu, wanaikunjua, wanauliza, “Nitapooza?”

Nami ninayo bahasha yangu. Daktari mmoja wa binafsi ameniambia nifanyiwe upasuaji wa kuondoa kipande cha diski. Mwingine akasema nichomwe steroidi, dawa ya kupunguza uvimbe, karibu na neva. Wa tatu akasema nisiguswe kabisa. Kila mmoja alizungumza kwa uhakika, na kila mmoja alikuwa na bei yake. Nimejitahidi kusoma na kuuliza, na niliyoyapata nayaandika hapa kwa ajili ya wenzangu wenye bahasha.

Upasuaji si adui. Kwa mtu ambaye mguu unazidi kulegea, nyayo inaburuzika, au mkojo umeanza kumsumbua, ndio unaomwokoa na usicheleweshwe. Kwa mtu mwenye maumivu ya mguu yaliyokataa kupungua baada ya wiki nyingi za tiba nyingine, upasuaji huleta nafuu mapema. Lakini tafiti za Uholanzi na Marekani zilizowafuatilia wagonjwa zilionyesha kwamba baada ya mwaka mmoja au miwili, waliopasuliwa na waliotibiwa kwa njia nyingine hukaribiana. Upasuaji unaharakisha, kwa wengi haubadilishi mwisho wa safari. Na kwa anayeumwa kiuno tu, mguu ukiwa mzima, faida yake ni ndogo. Ile sindano ya steroidi karibu na neva inaweza kutuliza kwa wiki kadhaa, nayo si kwa kila mtu. Kwa mwenye fedha, haya ni mambo ya kukaa na daktari na kuyapima. Kwa mchukuzi wa magunia wa Busia, maamuzi haya yanafanywa na bei iliyobandikwa ukutani.

Sasa niwaambie nilichokipata mahali pamoja, hospitali ndogo ya misheni, kwa binti mmoja mtaalamu wa fiziotherapia. Chumba chake kilikuwa na kitanda, mkeka na kiti. Aliniuliza nalala vipi, nakaa saa ngapi, naogopa nini. Akanilaza chali, akainua mguu wa kulia ukiwa umenyooka, taratibu, mpaka nilipouma meno, akasimama hapohapo akatazama pembe. Akainua wa kushoto. Akapitisha pamba juu ya nyayo zote mbili, nimefumba macho, nimwambie wapi nasikia. Akaniambia nivute kidole gumba cha mguu kuelekea kwangu, naye akakishikilia, kidole dhidi ya mkono wake. Akagonga goti na kisigino kwa kinyundo cha mpira. Akauliza bila haya kama mkojo unatoka sawa na kama sehemu ninayokalia ina ganzi. Alipomaliza alijua zaidi kuhusu neva yangu kuliko wote waliokuwa wameniandikia dawa.

Kisha akanifundisha: namna ya kulala kifudifudi na kujiinua kwa mikono kiuno kikibaki chini, namna ya kuimarisha tumbo na makalio, kutembea kila siku, kusimamisha gari na kushuka kabla maumivu hayajafika juu, na kurekebisha kiti nisinyooshe mguu kuifuata klachi. Hakuniahidi kupona. Aliniambia lengo ni kufanya mengi zaidi huku maumivu yakipungua, na kwamba kuumwa kidogo wakati wa mazoezi si kuvunjika. Tangu hapo naweza kulala, si kila usiku, lakini naweza. Kufika kwake ni mbali na kazi yangu, na wengi hawawezi kurudi kwake kila wiki. Shida iko hapo tu. Alichonifanyia kingeweza kufanyika Mukuju, kingeweza kufanyika Masafu, kingeweza kufanyika kwenye chumba chochote chenye mkeka.

Waheshimiwa, msiniambie haiwezekani, kwa sababu Uganda ilikwisha kufanya jambo gumu kuliko hili. Mwaka 1993 Anne Merriman alianzisha Hospice Africa Uganda, akaja na mofini ya maji ya kunywa kwa wagonjwa wa saratani waliokuwa wakifa kwa maumivu vijijini. Madaktari hawakutosha. Serikali ikabadilisha kanuni mwaka 2004 ili wauguzi na maofisa wa kliniki waliopata mafunzo maalumu waweze kuiandika dawa hiyo, na mgonjwa akaipata bure. Nchi nyingi tajiri zaidi yetu zilikuja kujifunza hapa. Mlikubali wakati ule kwamba maumivu ni ugonjwa wenye haki ya kutibiwa, na mkakubali kwamba kazi inaweza kushushwa hadi kwa muuguzi aliyefunzwa vizuri. Siombi mofini kwa mgongo, maana kwa maumivu haya dawa za jamii hiyo hazishauriwi. Naomba moyo uleule.

Palipo na mtaalamu wa fiziotherapia, apewe ajira ya serikali kwenye ngazi ya nne. Vyuo vyetu, pamoja na Chuo Kikuu cha Mbarara, vinawafundisha. Wasiishie kutafuta kazi kwenye majumba ya mazoezi ya Kampala. Pasipokuwepo, muuguzi au ofisa wa kliniki afunzwe kupima mgongo na mguu kwa mpangilio kama ule niliouona, na kufundisha mazoezi kwa lugha ya mgonjwa. Wahudumu wa afya wa kijiji wapewe maneno machache ya kumwambia jirani aliyeamka kiuno kimemkamata: endelea kujongea, usilale mwezi, na hizi ndizo dalili za kukimbilia hospitali.

Hizo dalili nazitaja wazi, maana ndizo zinazoniogopesha kuliko maumivu yangu mwenyewe. Mtu asiyeweza kukojoa au asiyezuia mkojo na choo, mwenye ganzi katikati ya mapaja pale anapokalia, au miguu yote miwili inayolegea, anahitaji upasuaji wa haraka, si kesho kutwa. Na mwenye maumivu ya mgongo pamoja na homa za jioni, jasho la usiku na kukonda, huenda ana kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kwetu bado kipo. Kinakula pingili polepole hadi mgongo unapinda na miguu inakufa, ilhali dawa zake serikali inatoa bure. Kwa wafugaji na wanywaji wa maziwa yasiyochemshwa kuna brusela, ugonjwa unaotoka kwa mifugo, nao unashika kiuno na nyonga. Mgonjwa wa namna hii akichomwa diklofenaki kila wiki, maumivu yatapungua na ugonjwa utaendelea na kazi yake. Mtu mmoja tu aliyefunzwa kuuliza maswali matano angemgundua.

Kwako, Mheshimiwa Waziri wa Kazi. Mwaka 1967 Shirika la Kazi Duniani lilipendekeza mtu mzima mwanamume asibebeshwe mara kwa mara zaidi ya kilo 55. Gunia la kilo 100 linakaribia mara mbili ya hapo, na linabebwa mbele ya ofisi za serikali kila asubuhi. Tunayo Sheria ya Usalama na Afya Kazini ya 2006. Tunayo sheria ya fidia kwa wafanyakazi tangu 2000. Lakini fidia inafikiria ajali: siku fulani, saa fulani, shahidi fulani. Mgongo hauna siku. Unaisha kidogokidogo kwa miaka, na siku unapokatika kabisa mwajiri anauliza, “Uliumia lini?” na huna la kujibu. Anza na magunia: yafungwe kwa kilo 50. Halitaki mashine mpya, linataka amri na mtu wa kuisimamia. Wenye malori nao walazimishwe kutunza viti, maana kiti ambacho springi yake imekufa kinapeleka kila shimo la barabara moja kwa moja kwenye pingili. Na ruhusa ya dereva kusimama na kunyoosha mwili isiwe hisani ya bosi.

Kwa Kamati ya Afya: Bunge lilipitisha muswada wa bima ya afya ya taifa Machi 2021. Haukutiwa saini na haukuwa sheria. Ada kwenye vituo vya serikali zilifutwa mwaka 2001, na hilo liliokoa maisha, lakini huduma isiyokuwepo kituoni haiwi bure kwa kufutiwa ada. Muswada ukirudi, fiziotherapia iandikwe ndani yake kwa jina.

Jambo moja dogo zaidi. Mwenye ugonjwa usioonekana anatuhumiwa. Bosi anadhani unakwepa safari. Majirani wanasema umerogwa, au umekuwa mvivu. Mwanamke asiyeweza kuinama kulima anaambiwa hataki kulima. Karatasi yenye mhuri wa kituo cha afya, inayosema huyu amepimwa, neva yake imebanwa, apewe kazi nyepesi kwa wiki kadhaa, ingemlinda mtu huyo ndani ya nyumba yake na mbele ya mwajiri. Leo anayeweza kuipata karatasi hiyo ni mwenye nauli ya kwenda mjini.

Namalizia na langu. Daktari wa upasuaji anataka jibu langu mwisho wa mwezi huu. Fedha nimezikusanya nusu, nusu nyingine ni kuuza kiwanja. Mguu wangu bado una nguvu, mkojo hauna tatizo, mazoezi yananisaidia kiasi, na kuna wiki ambazo maumivu yananirudisha nyuma kabisa. Sijui kama ni busara kuuza kiwanja. Ninachohitaji ni mtu asiyefaidika na uamuzi wangu, akae nami, aisome picha yangu huku ameshika mguu wangu, aniambie nikipasuliwa nategemea nini na nisipopasuliwa nategemea nini. Nauliza Wizara: mtu huyo yuko kituo gani cha serikali, siku gani za wiki, na naweza kumwona bila kupitia kwa mtu?

Jibu likipelekwa ofisi ya afya ya wilaya, Tororo, na kubandikwa ubaoni pale, litanifikia, na wenzangu wengi watalisoma.

Wenu mtiifu,

Dereva wa masafa marefu,
Malaba, Tororo.